Bondia mkubwa wa wakati wote anapimwa namna gani? Na sisi tunapimana namna gani?

Maneno haya yalisomwa kwenye mkutano mkuu wa chama, kwa jina la kikundi chetu cha watu wa kazi wenye wanatembelea wanachama vijijini. Tumeyapanga kidogo kwa ajili ya wasomaji wa gazeti letu.



Komite ilituomba tuseme neno juu ya kanuni mpya ya mfuko wa mikopo, ile yenye mtaipigia kura kesho asubuhi. Kanuni inasema hivi: mwanachama mwenye ameruka michango mara tatu hatapewa mkopo wa pili. Ni kanuni fupi, kila mtu anaielewa, na tunajua juu ya nini iliandikwa. Feza ya mfuko ni jasho la wote. Ikipotea, hairudi.

Lakini mbele ya kufika kwenye mfuko, mtuvumilie kidogo tuongee juu ya ngumi. Msicheke. Vijana wetu wanabishana kila jioni kwa kinyozi: nani alikuwa bondia mkubwa kuliko wote? Mmoja anamtaja huyu, mwingine yule, na hakuna mwenye anakubali kushindwa. Tumesikiliza ule ubishi mara nyingi tukingojea pikipiki itengenezwe, na tumeona una faida. Watu wenye wanajua ngumi wamefikiri sana namna ya kumpima mtu. Sisi pia kesho tutapima watu.

Daftari safi

Wengi wanaanza na hesabu. Rocky Marciano wa Marekani alipigana mara 49, akashinda mara 49, akaacha mwaka wa 1956 akiwa bado bingwa wa uzito wa juu. Floyd Mayweather yeye alifika 50 bila kushindwa hata mara moja. Hizo ni hesabu za heshima, hakuna mtu anazipata akiwa amelala. Kama kipimo ni daftari safi tu, basi ubishi umekwisha, tuende nyumbani.

Kumbe haukwishi. Uliza wazee wa ngumi, wale wenye wamefuata mchezo huu miaka mingi, wengi watakutajia Sugar Ray Robinson. Robinson alishinda mara zaidi ya 170, lakini alishindwa mara 19. Kumi na tisa! Na bado wanamweka mbele ya watu wenye hawakushindwa hata siku moja.

Juu ya nini? Juu wao wanauliza swali lingine: alipigana na nani, na akiwa katika hali gani? Mwezi wa pili mwaka wa 1943, kule Detroit, Robinson alikuwa ameshinda mapigano 40 bila kushindwa. Jake LaMotta, mwenye alikuwa mzito kumpita, akamshinda. Majuma matatu tu yalipita, Robinson akarudi kupigana na mtu yule yule katika mji ule ule, akashinda. Kwa jumla walikutana mara 6, na Robinson alishinda 5. Tena nyingi kati ya zile mara 19 zilikuja wakati alikuwa amezeeka kwa ngumi. Aliacha mwaka wa 1965 akiwa na miaka 44. Mtu mwenye anasoma tu namba 19 hajasoma kitu.

Sisi Wakongo tuko na mfano wa kwetu. Sumbu Kalambay alizaliwa Lubumbashi, akaenda kuishi Italia, na mwaka wa 1987 akawa bingwa wa dunia wa uzito wa kati. Mwaka uliofuata alimshinda Mike McCallum wa Jamaika, mwenye alikuwa hajashindwa na mtu yeyote. Halafu mwaka wa 1989, kule Las Vegas, Michael Nunn akamwangusha katika raundi ya kwanza. Mtu akifungua daftari la Kalambay na kuangalia ile raundi moja tu, atasema huyu alikuwa mtu wa hivi hivi. Atakuwa amekosa kumwona bingwa mkubwa mtoto wa Lubumbashi.

Basi jambo la kwanza tunalotaka kusema ni hili: hesabu ya kushindwa haisemi kitu kama haujaiweka karibu na jina la mpinzani.

Kurasa zenye hazikuandikwa

Sasa tufike Kinshasa. Wazee wenye wako hapa wanakumbuka, na wenye hawakuwa wamezaliwa wamesikia. Tarehe 30 mwezi wa 10 mwaka wa 1974, karibu saa kumi ya usiku, Muhammad Ali na George Foreman waliingia ulingoni kwenye uwanja wa 20 Mai, wenye leo unaitwa Tata Raphaël. Mobutu alikuwa amekubali kila mmoja apate dola milioni 5. Foreman alikuwa na miaka 25, alikuwa ameshinda mapigano yake yote 40, na 37 kati ya hayo aliyamaliza kwa kumwangusha mtu. Ali alikuwa na miaka 32.

Vijana wanapenda kusimulia raundi ya 8. Sisi tunaomba kwanza muangalie daftari la Ali miaka ya mbele yake. Mwezi wa 3 mwaka wa 1967 kuna pigano moja. Linalofuata ni la mwezi wa 10 mwaka wa 1970. Katikati hakuna kitu. Hakuna kushinda, hakuna kushindwa, kurasa ni tupu.

Katika zile kurasa tupu kuna nini? Alikataa kuingia jeshi kwenda vita ya Vietnam. Wakamnyang'anya mkanda, wakamnyang'anya ruhusa ya kupigana, tribinali ikamhukumu miaka mitano ya gereza. Hakuingia gerezani juu alikata rufaa, na mwaka wa 1971 tribinali kubwa ya inchi yao ikafuta ile hukumu. Lakini ile miaka mitatu na nusu, toka alipokuwa na miaka 25 mpaka 28, ndiyo miaka yenye bondia anakuwa na nguvu na mbio kuliko wakati wote. Hakuna tribinali inaweza kurudisha miguu ya miaka 25.

Ndugu wanachama, hapa tunajua mnaelewa kuliko sisi. Wengi wenu mlivuka Ziwa Tanganyika mkatoka Lugufu na Nyarugusu. Miaka mliyokaa kule, kwa mtu wa benki ni kurasa tupu. Anawauliza: ulilima wapi? Ulikopa wapi, ukalipa? Karatasi ya parsele iko wapi? Hamna cha kumwonyesha. Hamkushindwa na kilimo wala biashara. Mliwekwa nje ya ulingo. Na mliporudi, shamba limeshikwa na mwingine, miti ya michikichi ya baba imekatwa, na jirani anawaambia mlikuwa mnakula bure kule kambini.

Ali aliporudi hakuwa tena yule wa zamani. Mwaka wa 1971 Joe Frazier alimshinda. Mwaka wa 1973 Ken Norton alimvunja taya na kumshinda pia. Halafu Foreman akawapiga Frazier na Norton, kila mmoja kwa raundi mbili tu. Ukifanya hesabu ya kawaida, Ali hakuwa na nafasi hata kidogo. Kulikuwa na rafiki zake wenye waliogopa atauawa.

Alishinda kwa sababu alikubali kwamba miguu ya zamani haiko tena. Hakucheza kama wakati wa ujana. Alijiegemeza kwenye kamba, akafunika kichwa, akamwacha Foreman atupe ngumi mpaka mikono ikachoka katika lile joto, na watu uwanjani wakipiga kelele “Ali, boma ye!” Foreman alikuwa amezoea kumaliza kazi mapema. Katika raundi ya 8 hakuwa na kitu tena, Ali akamwangusha. Ule si ushindi wa mtu mwenye hajawahi kuanguka. Ni wa mtu mwenye alihesabu vizuri kile chenye kilibaki.

Na mwenye alishindwa?

Mara nyingi hadithi ya Kinshasa inaishia pale. Foreman anabaki chini, taa zinazimwa. Lakini yeye pia ni mtu wa kupimwa.

Foreman mwenyewe alisema baadaye kwamba lile pigano lilimvunja moyo. Mwaka wa 1977 alishindwa tena, akaacha ngumi, akawa mhubiri. Alifungua kituo cha vijana kule Houston. Miaka kumi ilipita, na feza ya kituo ikakosekana. Mwaka wa 1987 akarudi ulingoni, amenenepa, kichwa kimenyolewa, watu wanamcheka. Alishindwa na Evander Holyfield mwaka wa 1991, lakini alisimama mpaka raundi ya mwisho. Mwaka wa 1993 Tommy Morrison akamshinda pia. Mwaka wa 1994, tarehe 5 mwezi wa 11, alipigana na Michael Moorer, kijana mwenye hakuwa ameshindwa. Foreman alikuwa na miaka 45. Alivaa ile kaputula nyekundu yenye alivaa Kinshasa. Raundi tisa alikuwa anashindwa kwa alama. Raundi ya 10 akamwangusha Moorer, akawa bingwa wa uzito wa juu mwenye umri mkubwa kuliko wote mpaka leo.

Miaka 20 ilipita kati ya Kinshasa na usiku ule. Kama mwaka wa 1975 kungekuwa na komite ya kusema “mwenye ameanguka vile asipewe nafasi ya pili”, dunia ingekuwa imemkosa Foreman.

Na tusiende mbali. Ilunga Makabu, mtoto wa Kananga, alienda Liverpool mwaka wa 2016 kutafuta mkanda wa dunia, Tony Bellew akamwangusha katika raundi ya 3. Mwaka wa 2020 alipata nafasi nyingine, safari hii hapa kwetu Kinshasa, na akawa bingwa wa dunia.

Watu wa kona

Kuna mtu mmoja hatujamtaja. Usiku wa Kinshasa, katika kona ya Ali alikuwa Angelo Dundee. Na usiku wa 1994, katika kona ya Foreman, Dundee yule yule alikuwapo. Mzee mwenye alimsaidia Ali kumwangusha Foreman ndiye alimsaidia Foreman kuinuka.

Kona ni sekunde 60 tu katikati ya raundi. Watu wa kona wanafanya nini? Wanaweka kiti, wanatoa maji, wanafunga kidonda, wanasema neno moja ao mawili. Hawapigani mahali pa bondia. Lakini hakuna bingwa hata mmoja kati ya wale tumetaja mwenye alikuwa peke yake kwenye kona.

Tena kona ina kazi nyingine ngumu: kusimamisha pigano. Mwaka wa 1975 kule Manila, Ali na Frazier walipigana mara ya tatu. Raundi 14 zilipokwisha, macho ya Frazier yalikuwa karibu yamefungwa. Alitaka kuendelea. Eddie Futch, mtu wa kona yake, akakataa. Alisimamisha pigano ikibaki raundi moja tu. Hakuna mwenye anajua ngumi leo anasema Frazier ni mdogo juu ya ile raundi ya 15 yenye hakupigana.

Na Ali? Aliendelea kupita kiasi. Mwaka wa 1980 Larry Holmes alimpiga raundi 10, mpaka Dundee mwenyewe akasema basi. Mwaka wa 1981 akapigana tena, akashindwa tena. Mwaka wa 1984 waganga walimwambia ana ugonjwa wa Parkinson. Yule mwenye alikuwa na mdomo kuliko watu wote wa ngumi, sauti yake ikawa inapotea kidogo kidogo, na mikono ikitetemeka, mpaka akafariki mwaka wa 2016.

Hapa tunataka kusema neno kwa ninyi wafadhili, na tunasema kwa heshima. Katika ripoti tunazowatumia, kuna neno tunalipenda wote: uvumilivu. Tunaandika “wanawake waliorudi wana uvumilivu mkubwa”, na ni kweli, na linasomeka vizuri. Lakini uvumilivu si dawa. Kila ngumi yenye mtu anapokea akiwa kwenye kamba inabaki mwilini. Mama mwenye anakula mara moja kwa siku ili alipe mkopo kwa wakati, kwenye ripoti ni namba nzuri. Nyumbani kwake ni mtoto mwenye hakui. Msituombe tu hadithi za watu wenye walivumilia. Mtuulize pia: ni wakati gani kona yenu ilisimamisha pigano?

Turudi kwenye mfuko

Tuchukue wanachama wawili. Hatuwataji majina, na tumebadilisha mambo madogo ili wasijulikane.

Wa kwanza hajaruka mchango hata mara moja. Tunamshukuru. Ana ndugu mjini mwenye anamtumia feza kila mwezi, na shamba lake liko kilimani, maji ya ziwa hayajalifikia. Si kosa lake, na hatumpunguzii heshima.

Wa pili ni mama mwenye aliruka miezi mitano. Mihogo yake ilishikwa na mozaiki, majani yakajikunja, mizizi ikawa kama vidole. Mwezi uliofuata mtoto akalazwa. Katika mwezi wa sita alikuja na nusu ya mchango, akaweka kwenye meza mbele ya watu wote, akasema nusu nyingine italetwa. Aliileta. Leo amelipa yote, isipokuwa mwezi mmoja.

Kwa kanuni ya kesho, wa kwanza anapata mkopo wa pili, wa mwisho hapati. Sisi wenye tunawatembelea wote wawili, kama mtatuuliza ni nani tungempa feza yetu wenyewe, tungewapa wote. Lakini kama mtatuuliza ni nani tumemwona akipimwa, jibu ni yule mama.

Basi hatuombi kanuni itupwe. Tunaomba iongezwe mambo matatu.

La kwanza: mbele ya kuhesabu michango yenye iliruka, komite iulize ni nini mtu alikuwa anapigana nacho. Ugonjwa, mafuriko, mozaiki, kufukuzwa kwenye shamba, kifo nyumbani. Iandikwe kwenye kitabu cha mwanachama kando ya ile nafasi tupu. Nafasi tupu bila maelezo inamfanya mtu aonekane mwivi.

La pili: tuangalie namna alirudi. Mwenye alikuja na kidogo akasema neno, huyo alirudi ulingoni. Mwenye alichukua feza akakimbia, akapita njia nyingine ili asikutane na komite, huyo kanuni imshike, na sisi tutaisimamia. Likelemba za mama zetu zimefanya hivi tangu zamani: wanajua nani amechelewa na nani amekimbia, na hawachanganyi wale wawili.

La tatu: kila mkopo uwe na kona. Watu watano wenye wanaishi karibu, wanatembeleana, na wako na ruhusa ya kuja kwa komite kusema, “Huyu asimamishwe kulipa mpaka mavuno.” Deni lisifutwe, lakini lisiongezeke, na mtu asionewe haya juu ya kusimama. Kwa ajili ya hili la tatu tunawaomba wafadhili watusaidie kuweka akiba kidogo pembeni, ili mfuko usikauke wakati watu kadhaa wamesimama pamoja. Tunajua akiba ya namna hii haipigiwi picha. Lakini bila hiyo kona ni maneno tu.

Kuna wenye watasema tunalegeza kamba, na kwamba mwanachama akijua kuna huruma, hatalipa. Ni woga wa haki, tumeusikia kwa wazee wenye tunawaheshimu. Tunajibu kwamba mambo haya matatu yanaongeza macho, hayapunguzi. Leo komite inaangalia tu kitabu. Tukikubaliana, itaangalia kitabu, itaenda kuona shamba, na itasikia majirani watano. Mwongo ni rahisi kumdanganya mtu wa kitabu kuliko kuwadanganya majirani watano.

Vijana wetu kwa kinyozi hawatamaliza ubishi wao, na hatutaki waumalize. Wengine watabaki na Marciano, wengine na Ali, na kuna mmoja mwenye hakubali kitu chochote isipokuwa Kalambay, ni sawa. Lakini mmesikia namna wanabishana: alipigana na nani, alirudi namna gani, nani alikuwa kwenye kona yake. Kesho asubuhi, mkishika kalamu ya kupiga kura, tunawaomba mumpime jirani yenu kwa maswali hayo hayo.

 Mungu abariki chama chetu, awalinde wenye wako bado njiani wanarudi.